Pepopunda, na Rekodi Iliyoliwa na Mchwa

Taya langu lilijifunga Jumatano asubuhi, kijiko cha uji kikiwa bado mdomoni. Nilikivuta, kikakataa. Nikakivuta kwa nguvu zaidi, jino la mbele likamegeka, damu ikaanza kutiririka kidevuni pamoja na uji. Susu, nyanya yangu mzaa baba, alikuwa ameketi karibu na moto akichambua kunde. Alicheka.

"Syombua, hata kijiko unataka kula? Hicho ni cha mama yako, aliletewa kutoka Mombasa."

Sikuweza kumjibu. Shingo ilivutwa nyuma kama ya mbuzi anayeshikwa pembe achinjwe, nikaanguka chali, na mgongo haukugusa chini. Kilichogusa ni kisogo na visigino. Katikati nilikuwa nimejikunja juu hewani, kila msuli umekaza kama waya wa ua, na akili yangu ilikuwa safi kabisa. Hilo ndilo ningependa ujue kwanza. Mgonjwa wa pepopunda hapotezi fahamu. Anaona kila kitu, anasikia kila kitu, anajua nani analia na nani anacheka.

Ninaandika haya nyuma ya daftari la kidato cha pili, mahali ambapo mwalimu wa Jiografia hafiki. Mimi si mtu wa maneno mengi. Darasani nikiulizwa swali huwa najua jibu, halafu nalimeza. Lakini dresa, yaani mfunga vidonda, wa wodi yetu hospitalini, Bwana Nzioki, aliniambia kwamba kila mwaka kuna watu wanaoketi kwenye lile benchi la nje ya chumba cha giza, wanamolazwa wagonjwa wa pepopunda, bila kujua ndani kunafanyika nini. Anayejua ni aliyekuwa kitandani. Basi ninawaandikia watu wa benchi. Kama mngejua, na kama watu wangu wangejua, nisingekaribia kufa mara ya pili.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Ilikuwa mwisho wa likizo ya Agosti. Kijiji chetu, upande wa Migwani, kilikuwa kinachimba mitaro ya kuzuia maji shambani kwetu, kwa mwethya, yaani kila mtu anakuja na jembe lake, leo kwako kesho kwangu. Nilikuwa nachimba huku kichwani naimba, na nilipofika pale gitaa linapopanda nilifumba macho. Jembe la meno likaingia mguuni, katikati ya kidole gumba na cha pili, likatokea chini. Kulikuwa na wanaume pale, na wavulana wa shule yetu. Niliona aibu. Nilifukia damu kwa udongo, nikararua pindo la shimizi, nikafunga, nikaendelea kuchimba. Nyumbani sikusema. Ningesemaje? Kwamba nilijikata kwa sababu ya wimbo? Kidonda kilifunga juu, kikabaki kuwasha kwa ndani. Baada ya siku kumi na moja ndipo kijiko kikakataa kutoka.

Na wimbo wenyewe? Hapo lazima nieleze kuhusu ile rekodi.

Sokoni Migwani kuna duka la Fundi Mutinda, anayetengeneza redio. Ndugu yangu mkubwa, Kyalo, alikuwa akijifunza kazi kwake. Kabla hata sijaanza shule ya msingi, kijana Mzungu aliyekuja kujitolea kufundisha alimwachia Mutinda rekodi moja kubwa alipokuwa akirudi kwao. Mutinda aliiweka chini ya meza, na mchwa wakala kona yote ya jalada, ile yenye jina la bendi na jina la rekodi. Ilibaki picha tu: uso wa mwanamke mwenye majani badala ya nywele, na rangi zinazoelea kama mafuta juu ya maji. Kwa hivyo sisi tuliiita Ya Mchwa. Kila Jumamosi soko likiisha, Mutinda alifunga mlango nusu, akaiweka kwenye gramafoni ya betri, na wale wanaume watano au sita, mshonaji, karani wa chifu, mwenye posho mill ya kusaga mahindi, waliketi juu ya makreti ya soda bila kusema neno. Kinanda kama cha kanisani kilichozama kisimani. Ngoma zinazotoka sikio la kushoto na kwenda la kulia, ingawa spika ilikuwa moja. Gitaa linalolia kinyumenyume. Na upande wa pili wote ni wimbo mmoja, mrefu kama safari ya kwenda kuteka maji.

Walikuwa wameisikiliza miaka, na kila Jumamosi walibishana upya. "Hapa anasema habari ya mto," Kyalo alidai. "Mto gani? Anasema habari ya mama yake," mwenye posho mill alijibu. Hakuna aliyekijua Kiingereza cha wale watu, hata karani.

Mimi nilikuwa nje, nyuma ya duka, na kikapu cha mapera yasiyouzika. Mgongo wangu uligusa bati la ukuta na bati lilitetemeka kwenye mbavu zangu. Hakuna aliyejua isipokuwa Kyalo, aliyenisikia siku moja nikiimba sehemu ya gitaa kwa mdomo nikiosha sufuria. Hakunicheka. Alisema tu, "Hapo umeruka noti moja."

Basi. Jumatano ile walinipakia kwenye lori la mbuzi la Bwana Abdi, mfanyabiashara aliyekuwa anapita kutoka kaskazini. Alishusha mbuzi kumi mimi nipate pa kulala, Mungu ampe heri. Kila shimo la barabara lilinikunja. Mara mbili pumzi ilikatika kabisa, nikaona uso wa Mama ukiwa juu yangu, anapiga kifua changu kwa ngumi na kupiga kelele, "Rudi! Rudi wewe!" na kelele zake ndizo zilizonikaza zaidi. Hakujua. Niliuma ulimi, ukakatika pembeni. Tulipofika hospitali gauni langu lilikuwa jekundu mpaka kiunoni na wagonjwa wa kwenye foleni walisimama wakatupisha.

Hapo mapokezini, mimi nikiwa sakafuni nimepinda kama daraja, Mama na Susu waligombana. Mama ni mtu wa kanisa, hanywi hata chai ya nyumba yenye pombe. Susu ujanani alikuwa mpiga ngoma wa kilumi, ile ngoma ya wanawake wazee ya kuwatuliza walioshikwa na pepo wa mababu, na hajawahi kuomba msamaha kwa hilo.

"Huyu ameshikwa," Susu alisema. "Hata kipofu anaona ameshikwa."

"Mama, hapa ni hospitali. Nakuomba."

"Hospitali imejua lini mambo ya kwetu? Mtoto wa mwanangu anaitwa na watu wake, wewe unamletea sindano."

"Nenda nyumbani!" Mama alipiga kelele. Mwili wangu uliruka. "Nenda, nasema! Na usirudi hapa!"

Susu alijifunga leso yake, akaondoka na Kyalo. Mama hakuwaambia lolote, si siku hiyo wala siku zilizofuata, na hapo ndipo shida yetu ya pili ilipozaliwa. Baba yuko Mombasa, huja Krismasi. Hakukuwa na mtu wa katikati.

Chumba cha giza kilikuwa na vitanda viwili. Dirishani walikuwa wamepigilia blanketi. Bwana Nzioki alitembea miguu mitupu, na bawaba za mlango alizipaka mafuta ya kupikia kila asubuhi. Alinitia pamba masikioni, akanisogelea mpaka pua yake ikakaribia yangu, akasema kwa pumzi tu, bila sauti, "Hapa adui ni kelele. Mwanga kidogo, upepo kidogo, lakini hasa kelele. Wewe lala. Mimi ndiye nitakayepigana nje." Mkononi alikuwa na sindano, mojawapo ya zile nilizokuja kuzihesabu badala ya siku. Za matakoni za kuua sumu. Za mshipani za kulegeza, kila saa chache. Mpira ulipitishwa puani mpaka tumboni, wakamimina maziwa humo kama watu wanaojaza taa. Nilijikojolea. Ninaandika hili kwa sababu mtu wa benchi akija kunusa asione ajabu, na mgonjwa akisoma ajue si yeye peke yake.

Kitanda cha pili alikuwa mchoma makaa kutoka upande wa Kanyangi, mwanamume mkubwa, mabega kama milango. Alikuwa amejikata kwa panga. Siku yangu ya nne mhudumu mgeni aliangusha beseni la chuma pale mlangoni. Lilizunguka sakafuni, likazunguka, likakataa kutulia. Mimi nilikunjika nikaachiwa. Yeye alikunjika asiachiwe. Nilisikia kitu mgongoni mwake kikivunjika, mlio mkavu wa kuni. Macho yake yalikuwa yananitazama, yana akili timamu, yanaomba, na meno yake yalikuwa wazi kama anacheka, maana ugonjwa huu unakuchekesha kwa nguvu uso mzima. Aligeuka rangi. Bwana Nzioki alikalia kifua chake, akasukuma, akasukuma, jasho likamdondokea. Halafu akashuka. Alitoka nje, na baadaye Mama aliniambia kwamba alimkamata yule mhudumu shingoni akambana ukutani, bila kelele hata moja, mpaka wauguzi wawili wakamtoa.

Kuanzia siku hiyo nilijua nitakufa kwa namna gani. Itakuwa sufuria, au mlango, au mtu atakayepiga chafya.

Kisha mawingu yakaanza kukusanyika.

Huku kwetu mtu hasemi vibaya juu ya mvua. Mama alikuwa tayari amepanda mahindi na kunde kwenye udongo mkavu, kama wote, kwa kuuamini mwezi wa kumi. Kanisa letu lilifanya maombi ya mvua Jumapili ile, na mke wa mchungaji alikuja hospitali kumwomba Mama aungane nao kwa moyo ingawa yuko mbali. Mama alimjibu, "Mimi naomba isinyeshe." Yule mama alifikiri amesikia vibaya. "Naomba isinyeshe. Ombeni yenu, nami naomba yangu, Ngai atachagua." Kwa sababu paa la chumba cha giza lilikuwa la mabati.

Asubuhi moja Mama na Bwana Nzioki waliegemeza ngazi, wakapanda paani na magunia ya katani na matita ya nyasi. Mama alikuwa amevaa gauni lake la kanisa, ndilo pekee lililokuwa kavu. Wagonjwa wa wodi ya wanaume walitoka nje kutazama. "Mama, unaezeka nyumba ya nani?" mmoja aliuliza. Mama alimwonyesha kidole cha kunyamaza, akaendelea kutandaza nyasi kwa magoti. Mvua ilikuja mapema mwaka ule, mchana wa siku ya pili. Chini ya magunia ilinifikia kama mtu anayekanyaga maganda ya njugu kwa mbali. Ilinikunja mara sita. Ingenikunja mara mia. Mazao ya Mama yaliota bila yeye, yakapaliliwa na majirani, na mpaka leo hakuna aliyemuuliza kuhusu ile sala.

Sasa niwaambie siku ya kumi na nane. Ya nje nilisimuliwa na Kyalo. Ya ndani ninayajua mwenyewe.

Kyalo alikuwa amekuja mara mbili, akaketi kwenye benchi, akaambiwa "hakuna kuona mgonjwa," akarudi. Hakuambiwa kwa nini. Mara ya pili alinisikia nikiguna nyuma ya blanketi. Alikwenda nyumbani akamweleza Susu: anajipinda kama upinde, anatulia, anajipinda tena.

"Hiyo naijua," Susu alisema. "Mtu akishikwa hivyo unapiga wimbo wa kwanza, anazidi. Unapiga wa pili, anazidi. Ukifika wimbo wake mwenyewe, unaotakiwa na hao waliomshika, anacheza mpaka anatulia, na amepona. Kazi yote ni kuujua wimbo wake. Wewe unaujua wimbo wa dada yako?"

"Naujua," Kyalo alisema.

"Basi nisikilize. Ngoma ya kilumi haipigwi kidogo kidogo. Na mwanzo atalia vibaya. Msiogope, na msinyamaze katikati. Ukinyamaza katikati umemuua."

Fundi Mutinda alikuwa na spika ya pembe, ile ya mikutano ya chifu. Aliifunga kwenye baiskeli pamoja na gramafoni na betri ya gari, na Kyalo akaibeba Ya Mchwa kifuani ndani ya shati. Mwenye posho mill alifunga mashine zake siku ya soko, jambo ambalo hajawahi kulifanya hata kwa mazishi, akaja kusukuma baiskeli. Hakuna aliyewalazimisha. Waliipenda ile rekodi kiasi kwamba wazo la kuwa inaweza kumfufua mtu halikuwashangaza hata kidogo.

Waliisimamisha pembe juu ya ua wa michongoma, ikitazama dirisha la blanketi. Wakachagua upande wa pili.

Sitaandika vizuri kilichotokea, ila nitaandika. Kinanda kilipoingia nilikitambua, na kwa nukta moja, kabla mwili haujajua, nilifurahi. Halafu mwili ukajua. Nilirushwa juu ya kitanda. Mikono ilijikunja kifuani, kucha zikachimba viganja. Ngoma ilipoanza, kila pigo liligonga mgongo wangu kama nyundo ya kutengeneza bati, na hapakuwa na nafasi kati ya pigo na pigo. Nilisikia uti wangu ukilia. Sauti ikanitoka kooni, si yangu, sauti ya nguruwe. Mama alijilaza juu yangu mzima mzima, akaziba masikio yangu kwa viganja.

Nje, waliposikia nikilia, mwenye posho mill alisema, "Tuzime?"

"Susu alisema atalia," Kyalo alijibu. "Ongeza."

Mutinda akaongeza.

Nilijua wimbo ule kwa moyo, na hiyo ikawa adhabu yenyewe. Nilijua ni wapi gitaa litapanda. Nililisubiri. Nilikuwa sina hewa, macho yamejaa nyota nyeusi, na bado nilikuwa nahesabu: sasa kengele, sasa ile sauti kama mtu anaongea ndani ya bomba, sasa gitaa. Halikufika. Palikuwa kimya ghafla, na mimi nikazama.

Bwana Nzioki alikuwa ameruka ua wa michongoma. Alikata waya kwa meno. Alimpiga Mutinda kofi likamwangusha juu ya betri, akampiga Kyalo ngumi ya tumbo, na mwenye posho mill akakimbia mwenyewe. Mama alifuata akiwa amevua kiatu kimoja. Alimpiga Kyalo kichwani kwa kisigino cha kiatu mpaka ngozi ikapasuka, na Kyalo hakuinua mkono kujikinga, maana alikuwa ameanza kuelewa.

"Umemuua! Umemuua dada yako!"

"Mama, si mlisema ameshikwa..."

"Nani alisema? Kelele ndiyo inamuua! Kelele!"

"Mimi sikuambiwa," Kyalo alisema, damu ikiingia machoni. "Mama, mimi hakuna mtu aliniambia."

Kiatu kilibaki juu hewani. Kyalo anasema hapo ndipo Mama alipoketi chini kwenye tope, akajifunika uso.

Na Bwana Nzioki, akihema, michongoma imemchana mikono yote, aliinama akaitoa rekodi kwenye gramafoni. Aliigeuza. Akatazama jalada.

"Hii mmeitoa wapi?" aliuliza kwa sauti nyingine kabisa.

Akaisogeza karibu na macho.

"Mimi nilikuwa na nakala yangu ya hii nikisomea kazi. Iliibiwa. Miaka saba naitafuta." Akaifuta tope kwa koti lake jeupe. "Wapumbavu nyinyi. Upande wa pili, kwa spika ya chifu." Aliichukua akaenda kuifungia kabatini, nyuma ya bandeji.

Siku tatu sizikumbuki. Niliporudi nilikuwa mfupi. Mifupa miwili ya mgongo ilikuwa imebonyea, na nimepungua upana wa vidole viwili mpaka leo. Sketi ya shule sasa inanifika kwenye muundi, wasichana wanasema nimeokoka. Nywele zilitoka kwa mafungu. Hedhi ilipotea miezi mitatu, na kwa kuwa sikumwambia mtu nilidhani sitazaa kamwe. Mwambie muuguzi, wewe unayesoma. Inarudi.

Baada ya wiki tano walinihamishia wodi ya kawaida, penye dirisha. Nilijifunza kumeza, kisha kukaa, kisha kutembea kwa kushika vitanda. Asubuhi moja Bwana Nzioki alikuja kunitoa mpira wa puani. Alipomaliza hakuondoka.

"Nilimhoji kaka yako," alisema. "Ameniambia msikilizaji mkubwa ni wewe. Wewe ni wa upande gani?"

Hakuna mtu alikuwa ameniuliza swali hilo maishani. Mdomo ulikuwa unafunguka upana wa kidole kimoja.

"Wa pili," nilisema. Ndilo lilikuwa neno langu la kwanza.

"Wa pili!" Alipiga paja. Nikashtuka, akaomba msamaha kwa mikono. "Watu wa upande wa pili ni wachache. Wengi wanataka zile nyimbo fupi za kwanza. Sasa niambie, pale gitaa linaporudi nyuma, ni moja au mawili?"

"Mawili."

"Nilijua! Nilibishana na watu wa hosteli mwaka mzima!" Aliniambia pia jina halisi la ile rekodi. Tulipomweleza Mutinda baadaye, alilifikiria, akasema Ya Mchwa ni zuri zaidi.

Nilirudi nyumbani mahindi yakiwa yamebeba. Hapo ndipo watu hufikiri ugonjwa umeisha. Mimi nilikuwa nikiruka mbwa akibweka. Mama alimchinja jogoo. Akamvua ng'ombe kengele. Aliwaambia watu wa kanisa wasije na nyimbo, waombe wakiwa wamefunga midomo. Chakula tulipikia nje, mbali, na Susu alikatazwa kutwanga. Daktari alikuwa ameandika kwamba nimepona, Mama akasoma, akakunja karatasi. "Daktari hakulala juu yako," alisema. Shule ilikuwa inafunguliwa Januari, na shule yetu ina kengele ya ringi ya lori inayopigwa kwa chuma. Alisema sitaenda. Si muhula huo, pengine si kamwe. Kyalo naye alikuwa analala dukani kwa Mutinda. Alikuja kuleta maji, akayaweka langoni, akaenda bila kunitazama. Alama ya kiatu ilikuwa bado kwenye paji la uso wake.

Nililia, lakini kimya kimya. Kisha nikafanya jambo ambalo sijawahi kufanya. Nilimfuata Mama shambani nikamwambia, "Mama, hunilindi. Unanizika."

Nilidhani atanipiga. Aliweka jembe chini, akaenda sokoni vile vile, miguu ina udongo, akaingia dukani kwa Mutinda katikati ya wateja.

"Ile takataka iliyotaka kuniulia mtoto. Bado mnayo?"

Bwana Nzioki alikuwa ameirudisha. Mutinda alijificha nusu nyuma ya redio. "Tunayo, Mama Kyalo."

"Ileteni kwangu Jumamosi mchana. Na yule dresa aje."

"Mama," Kyalo alisema, "ile tena?"

"Ile ile. Kama ni ya kumuua, afe nikiwa nimemshika. Kama haimuui, basi hakuna kengele ya shule itakayomuua."

Walikuja wote, wanaume wa makreti, wamevaa kama watu wa mazishi. Hapakuwa na spika ya pembe, ila gramafoni tu juu ya kigoda, chini ya kivuli cha ghala. Bwana Nzioki alikuwa na sindano imejazwa tayari. Mama aliniketisha mbele yake kati ya magoti yake, kama anayenisuka. Mkono mmoja aliuweka kisogoni kwangu, wa pili akalishika taya langu kutoka chini, vidole vinne upande huu, gumba upande ule. Viganja vyake vilikuwa baridi.

"Upande gani?" Kyalo aliuliza.

"Anaujua," Mama alijibu. "Ule ule."

Kinanda kiliingia. Moyo wangu ulipiga mpaka nikauona kwenye nguo. Ngoma ya kwanza ilinipiga mgongoni, mahali palipobonyea, na mabega yangu yakaruka. Vidole vya Mama vikakaza. Bwana Nzioki akapiga hatua moja. Ngoma ya pili ikaja, nikaruka kidogo. Ya tatu ikanipita.

"Si nilisema?" Susu alinong'ona kutoka mlangoni. "Si nilisema ni wimbo wake?"

"Nyamaza, mama, nisikilize taya," Mama alimwambia, lakini hakumfukuza.

Tulikwenda hivyo, kengele, ile sauti ya ndani ya bomba, kila mtu anatazama uso wangu badala ya gramafoni. Kisha gitaa likaanza kupanda, mpaka pale lilipokatwa siku ile, likapita pale, likaendelea kupanda.

Mama alipiga kelele. "Linakaza! Taya linatembea! Nzioki, njoo, linatembea!"

Bwana Nzioki alipiga magoti mbele yangu, sindano juu. Alinitazama mdomo. Akaishusha sindano taratibu.

"Mama Kyalo," alisema, "anaimba."

Nilikuwa naimba kweli, gitaa la kwanza, kwa sauti, mbele ya wanaume sita. Kyalo aliketi chini akaingia na gitaa la pili, analia na kuimba pamoja, akiharibu noti zote.

Niliacha kuimba ili Mama apumzishe mkono. Hakuutoa.

"Endelea," aliniambia, akibana kidogo. "Bado sijaamini."